Kuku wa Sajini

Nikitaka kumweleza Sajini, husita kila mara: nianzie kwenye goti lake au kwenye pasi yake? Nikianzia kwenye goti, msomaji atadhani namwombea huruma. Nikianzia kwenye pasi, atadhani nataka achekwe. Huruma hakuitaka, na waliomcheka walimcheka mbele ya uso wake, kwa ruhusa yake. Basi nianzie kwenye pasi, kwa sababu goti lilikuja baadaye.

Ilikuwa pasi ya makaa, yenye jogoo wa shaba kwenye komeo la kifuniko. Aliitumia uani kwa mjomba wangu, Kilwa Kivinje, ambako alikuwa amepanga chumba cha nyuma kwa miaka mingi. Wanga alitengeneza mwenyewe kwa muhogo uliokunwa, ukakamuliwa kwa kitambaa, ukaachwa utuame bakulini. Kaptula zake za kaki zilikauka kama mbao. Mke wa mjomba alikuwa akisema kaptula ya Sajini ingeweza kutangulia bomani peke yake, ikapiga saluti, kisha ikarudi kumwita mwenyewe.

Tepe zake za cheo, tatu kila mkono, hakuzifua pamoja na shati. Alizifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, akaziosha kwenye kibakuli cha udongo, akazikausha ndani chini ya mkeka, kisha akazishona tena kwa mkono wake, miwani imemteleza puani. Nilipomwuliza kwa nini ajisumbue hivyo, alinijibu bila kuinua kichwa.

"Tepe ni za serikali. Shati ni langu. Uchafu wa shati langu usiingie kwenye mali ya watu."

Nililifikiria jibu hilo kwa siku nyingi. Wakati huo nilikuwa nimehitimu chuo huko Uganda, nimerudi nyumbani kungoja shule ya kufundisha, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaza. Niliwaza hata namna ya kuitikia hodi. Sajini aliligundua hilo mapema. Kila nilipoulizwa jambo nilianza na "labda", basi akaniita Bwana Labda, na nyumba nzima ikafuata.

"Bwana Labda, mvua itanyesha?"

"Labda, Sajini. Mawingu yapo, lakini upepo—"

"Nimeuliza mvua, sijauliza upepo. Nianike shati au nisianike?"

"Labda usubiri kidogo."

"Jeshini ungekufa, wewe," akasema, akaanika. Mvua ikanyesha. Akalianua shati, akalitia wanga upya, wala hakutaja kwamba nilikuwa karibu kusema kweli.

Kwao kulikuwa Ungoni, bara, na kwa watu wa Kivinje hilo lilitosha. Sikumbuki mtu aliyeuliza zaidi. Alifunga Ramadhani yote bila kukosa hata siku, lakini msikitini alionekana siku za Idi tu. Alisema magwaride aliyokwisha kusimama yalimtosha. Alichukia kelele, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zote mtaani. Alipita mbele ya simba wa porini kwa ajili ya kazi, au ndivyo alivyodai, lakini kwa mke wa mjomba hakuthubutu kuomba chumvi. Alikuwa akimtuma mtu.

Kulikuwa na msemo aliowafundisha vijana wote aliowaandikisha jeshini: "Askari ana mdomo mmoja, nao uko mwisho wa bunduki." Maana yake ilikuwa wazi. Askari haruhusiwi kusema hadharani juu ya vita wala juu ya serikali inayovipigana. Sheria hiyo aliijua na aliishika kuliko wengi. Alikuwa amepigana Bama, huko Asia, katika vile vita vikuu, akarudi na nishani, na habari zote za Bama alizowahi kutupa zilikuwa hizi: "Bama kuna matope." Mjomba alimjaribu kwa kahawa, kwa tende, kwa maswali ya kuzunguka. Matope tu.

Lakini huyo huyo, akiwa kazini, alikuwa na maneno mengi. Serikali ilimweka hapa kuandikisha askari, na alipofika kijijini na ngoma yake na tarumbeta, alieleza meli, viatu, blanketi mbili kwa kila mtu, nyama kila Jumapili. Mjomba alisema Sajini alikuwa mwongo kazini na mkweli nyumbani, wakati watu wengine wote huwa kinyume chake.

Katika kazi hiyo alikuwa na desturi ambayo sikuisikia kwa mwandikishaji mwingine. Hakuondoka na kijana kabla hajala kwao. Jina likishaandikwa, alikwenda mpaka kwa mama wa kijana, akakaa mkekani, akangoja. Mama akipika, Sajini alikula, akashukuru, akaondoka na kijana asubuhi. Mama akisema, "Leo sijapika, Sajini," alinyanyuka, akaaga, na jina akalifuta. Hakubishana kamwe. Vijana waliotaka sana kwenda waliwapigia magoti mama zao wapike. Kule Tingi kuna mama aliyemwambia hajapika huku moshi unatoka jikoni na harufu ya samaki imejaa uani. Sajini alipiga chafya, akasema, "Naam, naona hujapika," akaenda zake.

Bwana Shauri wetu, Mwingereza aliyekuwa akitawala wilaya, hakuijua desturi hiyo. Yeye aliona tu kwamba vijana wa Sajini hawatoroki.

Bi Somoe wa Mitole alipika. Alikuwa mjane, Mmatumbi, mwenye mikorosho ambayo mjomba alinunua korosho zake kila msimu, na mtoto mmoja tu, Saidi. Alipika ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, kwa kuwa Saidi alikuwa amemsihi tangu alfajiri. Haya alinisimulia mwenyewe, na kila aliposimulia alianza na kisamvu.

Hapa nieleze utani, ingawa msomaji wa kwetu anaujua, kwa sababu bila huo Sajini haeleweki. Zamani za mababu Wangoni walishuka kutoka bara wakawapiga watu wa huku. Vita vikaisha, na badala ya vita ukabaki utani. Mngoni na Mmatumbi wanatukanana njiani bila kukasirika, wananyang'anyana kofia, na matangani mtani hupewa nafasi ambayo hata ndugu hapewi. Anaweza kuzuia jeneza lisipite, akamsema marehemu vibaya, akadai apewe kitu, mara nyingi kuku. Wafiwa wakikasirika, aibu ni yao. Wakitoa kuku, mambo yamekwisha. Sajini aliufupisha vizuri kuliko vitabu nilivyosoma chuoni. "Utani," alisema, "ni vita vilivyokwisha."

Sokoni Kivinje palikuwa na Mmatumbi mmoja muuza nazi ambaye hakumwacha apite.

"Wee Mngoni! Leo umekuja kuiba mbuzi au mke?"

"Mbuzi, mama. Wanawake wenu nimekwisha kuwaona."

"Hukuwaona vizuri, ulikuwa unakimbia!"

"Nilikuwa nawakimbia hao hao!"

Soko zima lilicheka, naye Sajini akanunua nazi mbovu kwa heshima ya mazungumzo.

Nilikuwa sijapata shule bado alipoitwa mwenyewe kwenda Kenya. Kulikuwa na vita huko, vya misituni, na kikosi chetu kilipelekwa. Saidi alikuwa kikosini, chini ya Sajini. Mvua za masika zilipokwisha, Sajini alirudi bila kikosi, goti la kushoto limevimba na halikunjiki. Mjomba alimwuliza limefanya nini. "Limegoma," akajibu. Wakamrudisha kwenye kazi yake ya kuandikisha.

Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti, au kudhani nimeona; kwangu mimi si rahisi kutenganisha. Ngoma ilipigwa vilevile, lakini habari za blanketi zilipungua. Alifika kwa akina mama baada ya chakula kuliwa, sufuria zimeoshwa. Bwana Shauri alipomwuliza kwa nini vijana hawaji, alijibu, "Hawapiki, Bwana." Bwana Shauri akadhani ni habari ya njaa, akaagiza mbegu za mtama.

Kisha simu ikaja bomani: Saidi amekufa Kenya, amezikwa huko huko.

Matanga yalifanyika Mitole. Nilikwenda kwa lori na mjomba, na Sajini alikaa nyuma kwenye magunia, amevaa sare yake yote, nishani kifuani, tepe zimenyooka. Uani kwa Bi Somoe watu walikuwa wamekaa kimya cha shida. Matanga bila maiti ni kama safari bila mzigo. Hujui mikono uiweke wapi. Watani wengine walikuwepo lakini hawakuanza, kwa kuwa hapakuwa na jeneza la kuzuia. Sajini alipoingia, watu walipumua. Sasa patachangamka.

Akasimama katikati ya ua.

"Nyie Wamatumbi! Nimekuja kuzuia jeneza. Liko wapi? Hata maiti mmeshindwa kuleta?"

Kicheko kikatoka, kidogo kwanza, kisha kikubwa. Bi Somoe mwenyewe alitabasamu chini ya kanga.

"Huyu Saidi alikuwa mlafi. Alikula chakula cha kikosi kizima. Alikuwa mvivu, alilala zamu, alikoroma mpaka adui wakaja kumwamsha wapate usingizi!"

Watu walijishika mbavu. Mzee mmoja akapaza sauti, "Mpeni kuku huyu Mngoni aondoke!"

Sajini aliinua mkono. Sauti ikashuka, na mimi niliyeizoea ile sauti kubwa nilijua kwamba hii nyingine sijawahi kuisikia.

"Kule tulichoma nyumba za watu," akasema. "Si kambi za adui. Nyumba, zenye majembe ndani. Tuliwatoa wanawake na watoto tukawatia ndani ya waya. Saidi alikataa mara ya kwanza. Mimi ndiye niliyempa amri mara ya pili, akachoma, akalia. Watu wale wanataka mashamba yao. Vita hivi si vya haki, na nimevaa sare hii makusudi ili mjue anayesema ni nani. Msitoe watoto wenu. Nikija tena na ngoma, mniambie hamjapika."

Kuna mtu alicheka. Alikuwa amekaa mbali, labda hakusikia maneno, alisikia tu kwamba mtani amenyamaza. Kicheko chake kilikwenda peke yake mpaka ukutani kikafa. Hakuna aliyemletea Sajini kuku siku ile. Hawakujua kama anastahili.

Habari zilifika bomani kabla ya lori letu. Na ndipo watu wote wenye nia njema wakaanza kumwokoa.

Wa kwanza alikuwa Liwali, mzee wa mji aliyehukumu kesi za wenyeji. Alikuja kwa mjomba baada ya Alasiri, akakaa barazani, akamwita Sajini. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari ya shule niliyopewa hatimaye, hapo hapo Kivinje, na dirisha lilikuwa wazi.

"Sajini, jambo hili jepesi," Liwali alisema. "Wewe Mngoni, yule mama Mmatumbi, mahali penyewe matangani. Mtani hashitakiwi. Bwana Shauri naye anaijua desturi, ameiandika kitabuni mwake, anaipenda sana. Amenambia mwenyewe: ukisema mbele ya watu kwamba ulitania, na wafiwa wakakupa kuku wako, yeye hana neno. Unabaki na tepe zako na kazi yako. Ukikataa, inabidi akupeleke Dar es Salaam kwa wakubwa wa jeshi. Huko ni jela."

"Na wale vijana, Bwana Liwali?"

"Vijana gani?"

"Watakaosikia kwamba nilitania."

"Watasikia kwamba uko hai, baba."

Sajini akasugua goti lake. "Nimesikia," akasema. Liwali akashukuru Mungu, akaondoka. Lakini mimi nilikuwa nimekaa nyumba moja naye muda wa kutosha kujua kwamba jeshini "nimesikia" si "nimekubali".

Kesho yake asubuhi nilimweleza maoni yangu. Kwanza nilimwambia apokee kuku: maneno yamekwisha kusemwa, waliosikia wamesikia, na hakuna kuku wa kuyarudisha mdomoni. Kisha nikaona udhaifu wa hoja hiyo, nikamwambia asipokee. Kisha nikasema kwamba kwa upande mwingine mtu aliye jela hawezi kusema tena.

"Bwana Labda," alisema, "chagua moja unywe chai. Inapoa."

Alikuwa akipiga pasi.

Baraza liliwekwa uwanjani mbele ya boma. Bwana Shauri alikaa nyuma ya meza, Liwali kando yake, na mji wote ukasimama. Watu walikuja hata kutoka Tingi. Wanafunzi wangu niliwapa ruhusa, kwa sababu wasingebaki hata nisingewapa. Bwana Shauri alikuwa kijana, karibu rika langu. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Niliona, na sijabadili mawazo, kwamba alitaka Sajini apone.

"Sajini, maneno uliyosema Mitole, uliyasema ukiwa mtani wa wafiwa?"

Kabla hajajibu, Bi Somoe alipita katikati ya watu. Alikuwa na pakacha, na ndani ya pakacha kuku mwekundu, kichwa kikichungulia. Alikuwa ametembea kutoka Mitole. Alilitua pakacha mbele ya viatu vya Sajini.

"Mtani, kuku wako. Nilichelewa, nisamehe. Msiba ulinizidi."

Watu wakanong'ona kwa furaha. Liwali akaitikia kwa kichwa, mambo yamenyooka.

"Shikamoo, mama," Sajini akasema.

"Marahaba. Mpokee."

"Siwezi, mama."

"Mpokee, nakwambia. Mngoni gani anakataa kuku? Babu zako wangekucheka." Sauti ilianza kama ya utani, lakini haikufika mwisho hivyo. "Mwanangu mmoja amekwenda. Usinifanye nimpoteze mtu wa pili kwa chakula kile kile. Nilipika mwenyewe siku ile. Hukunishika mkono."

"Ndiyo maana siwezi. Nilikula kwako mara moja nikaondoka na mtoto. Sitakula tena niondoke na ukweli juu yake."

Kisha akamgeukia Bwana Shauri, akasimama wima, kadiri goti lilivyomruhusu.

"Bwana Shauri, utani ni uongo ambao kila mtu anajua ni uongo. Niliposema Saidi alikuwa mlafi, ule ulikuwa utani. Hakuwa mlafi. Niliposema tulichoma nyumba, tulichoma. Yule wa kwanza alikuwa mtani. Huyu wa pili alikuwa sajini."

"Unajua sheria, Sajini," Bwana Shauri alisema. Uso ulikuwa umemwiva.

"Naijua, Bwana. Nimeifundisha."

Akatoa wembe kwenye mfuko wa shati. Askari mmoja wa boma alipiga hatua, lakini Sajini alikuwa ameanza tu kufumua tepe za mkono wa kulia, uzi mmoja mmoja, kama alivyofanya uani kwetu. Ilichukua muda. Bwana Shauri akamwambia si lazima sasa hivi. Sajini akaendelea. Nilijikuta nikimwangalia mikono kuliko uso, nikihofu asije akakata shati. Hakukata. Alipomaliza mikono yote miwili alizikunja tepe, akaziweka mezani zikiwa safi.

Wakati huo yule kuku alikwisha kutoka kwenye pakacha. Akapita chini ya meza ya serikali, tarishi akamfukuza, akamkosa, kofia ikamwanguka, na uwanja mzima, ambao ulikuwa haujapumua, ukaangua kicheko. Hata Bwana Shauri aliuma mdomo. Bi Somoe alimkamata mwenyewe, kwa mkono mmoja.

"Basi namfuga," akamwambia Sajini. "Kuku wa mtani harudi jikoni. Siku utakayomtaka, yupo."

Walimchukua kwa lori mpaka Lindi, na kutoka huko kwa meli. Baadaye alikuja sajini mwingine, mtu mzuri, mwenye ngoma kubwa zaidi. Alipita Tingi na Mitole na vijiji vya njiani, na kwa namna fulani alikuwa ameelezwa ile desturi, akawa anakaa mkekani na kungoja. Akina mama hawakupika. Sisemi ni kwa sababu ya maneno ya Sajini. Mwaka ule muhogo uliingiwa na ugonjwa, na labda kweli hakukuwa na cha kupika.

Misimu ya korosho ilipita kabla hajarudi. Alirudi amekonda, na chumba chake alikikuta kama alivyokiacha. Mke wa mjomba hakumpangisha mtu. Alipata kishamba nje ya mji, akapanda mikorosho. Sare walimwachia shati moja, nalo alilivaa shambani. Jua lilikuwa limeipausha kaki isipokuwa pale tepe zilipokuwa, kwa hiyo kila mkono ulikuwa na tepe tatu za rangi ya zamani, wazi kuliko zile za kitambaa. Serikali ilikuwa imemwondolea cheo. Hakuna mtu Kivinje aliyemwita kwa jina lingine.

Siasa zilipoanza, vijana wenye kofia na bendera walimjia. Walitaka apande jukwaani awaambie watu habari za Kenya. Waliniomba nimshawishi, kwa kuwa nilikuwa msomi. Nilimshawishi kwa hoja za pande zote mbili. Aliwasikiliza wale vijana mpaka mwisho, akawapa maji ya kunywa.

"Nilikwisha sema," aliwaambia. "Aliyekuwa na masikio alisikia. Mkinipandisha pale, nitakuwa ngoma yenu."

Wakaondoka wamenuna. Mmoja alisema ni mwoga. Sajini alisikia, akaendelea kupalilia.

Mara ya mwisho niliyomwona kwa kituo ilikuwa Mitole, Bi Somoe alipofariki. Nilikuwa nimehamishiwa shule ya Lindi, nikapanda basi la Kilwa siku hiyo hiyo, nikiwaza njia nzima niseme nini kwa wafiwa. Nilipofika jeneza lilikuwa linatolewa mlangoni. Halikwenda mbali. Njiani, mbele ya ua, Sajini alikuwa amelala chali, mikono kifuani, amevaa lile shati.

"Haendi popote!" alipiga kelele kwa ile sauti yake. "Bibi huyu ana kuku wangu!"

"Ondoka, Mngoni, jua linazama!" mtu alijibu.

"Lizame! Alikuwa mchoyo, huyu. Mchoyo hajapata kuonekana Umatumbi nzima. Nilikuja kwake na njaa akanifukuza na mbwa. Hakujua kupika! Kisamvu chake kilikuwa mchanga mtupu!"

Watu walicheka na kulia kwa pamoja, wengine hawakujua wanafanya lipi. Waliomjua Bi Somoe walijua kwamba hakuna hata neno moja la kweli. Shehe alikuwa na haraka lakini aliweka mkono mdomoni.

"Na miguu yake—"

"Basi, basi!" Mpwa wa marehemu, mwanamke wa makamo, alitoka ndani na kuku mwekundu mikononi. Si yule, bila shaka; kuku haishi miaka hiyo yote. Labda mjukuu wake. "Mtani, mzigo wako huu. Marehemu aliusia. Alisema utakuja."

Sajini alimtazama kuku kwa muda. Kisha alinyoosha mkono, akampokea, na nikamsaidia kusimama kwa sababu ya goti.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba, Bwana Labda. Umechelewa."

Aliingia nyuma ya jeneza, kuku kwapani, kwa mwendo wake wa gwaride uliovunjika upande mmoja. Kaburini alinipa kuku nimshike, nami nikasimama kati ya wafiwa nikijiuliza kama ni halali, na nimshike kwa mabawa au kwa miguu. Sajini alitupa udongo kwa mikono yake. Alisimama wima kidogo, kama mtu anayetoa taarifa, midomo ikasogea. Sikusikia alichosema.

Watu walipoanza kutawanyika nilimwuliza lile swali nililolibeba tangu siku ya baraza. Nilikuwa nimelipanga kwa namna nyingi, na lilitoka vibaya kuliko zote.

"Sajini, siku ile pale bomani. Ungempokea kuku, yule mama angelala usingizi miaka hii yote. Na wewe usingekwenda jela. Huoni kwamba ingekuwa afadhali?"

Alitazama kaburi. Alitazama mkono wa shati lake, akapangusa udongo ulioingia kwenye ile alama ya tepe, taratibu, mpaka ukatoka wote.

"Labda," akasema. "Lete kuku wangu."